Mzigo Hupimwa Mlimani

Hadithi hii haina jina la mtu, maana wanaoweza kuidai ni wengi.

Kijana mmoja wa Butembo, mashariki mwa Kongo, alikabidhiwa pikapu ya mjomba wake, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo. Akatumwa Kasindi, mpakani na Uganda, alete mifuko 20 ya saruji. Alipofika akakuta tela la kukodi limekaa bure, akapiga hesabu ya haraka: mifuko 20 mgongoni, 30 kwenye tela, faida ya zaidi ya safari mbili ndani ya moja. Hizo ni tani mbili na nusu, kabla ya kuhesabu gari, tela na abiria wawili waliopanda juu ya mifuko.

Bonde la Semliki likampokea vizuri. Bulongo ikapita, gari likiteleza tu. "Mnaona?" akawaambia abiria. "Halijui hata kama limebeba." Tambarare ndiyo iliyokuwa ikimdanganya. Gari likishashika mwendo mahali pa sawa, injini hupambana na upepo na msuguano wa matairi. Uzito wenyewe umebebwa na ardhi.

Mjini Beni alisimama kwa fundi mmoja mzee kujaza tairi upepo. Mzee akalizunguka gari, akaona maji ya kutu yamekauka chini ya kifuniko cha rejeta.

"Mtoto wangu, mpira wa kifuniko hiki umekufa. Na mzigo huu ni wa lori la Fuso, si wa gari hili. Acha tela hapa, ulifuate kesho."

"Papa, jua linashuka. Na mzigo nimetoka nao Kasindi bila shida."

"Huko ulikotoka hukukutana na mlima kama wa mbele."

Haraka ya kijana ilikuwa na sababu. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, hakuna dereva anayetaka giza limkute kwenye barabara hizi. Lakini anayeogopa giza hupunguza mzigo ili awahi. Yeye aliuacha ulivyo, akakanyaga mafuta.

Kutoka Beni, iliyo kwenye mita 1,100 hivi, barabara hupanda na kushuka vilima hadi Butembo, mita zipatazo 1,750. Pale inapopanda mita 10 kwa kila mita 100, gari na mzigo wa tani 5 huvutwa kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500, na mvuto huo haupumziki mpaka mlima uishe. Kadiri unavyopanda, hewa nayo inapungua. Butembo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hujivutia hewa yenyewe, basi nguvu zake za farasi 130 za kitabuni hubaki kama 110. Mazutu, yaani dizeli, yanaingia yaleyale, hewa ya kuyaunguza haitoshi. Mengine hutoka kama moshi mweusi, na joto ndani linapanda. Turbo husaidia kwa kusukuma hewa ndani, ila haipunguzi hata mfuko mmoja wa saruji.

Karibu na Kabasha moshi ukaanza. Kijana akang'ang'ania gia ya tatu, kwani kushusha gia mbele ya abiria aliona ni aibu. 1HZ huvuta kwa nguvu kubwa zaidi ikizunguka kama mara 2,200 kwa dakika. Yeye aliiacha ianguke chini sana, ikawa inatetemeka na kukoroma. Pampu ya maji na feni huzungushwa na injini hiyohiyo. Ikichoka, navyo huchoka: moto unazidi wakati uleule ambapo kipoozaji kinalegea. Tena, kwenye miinuko ya Butembo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta hushikilia shinikizo yasichemke mapema. Kile chake kilishakufa.

Mshale wa joto ulipogota mwisho, akazima injini papo hapo, akafungua kifuniko kwa kitambaa. Mvuke ukamchoma mkono hadi kiwiko. Kwa hasira na maumivu akamimina ndani maji baridi ya kidumu. Silinda hedi ikapasuka. Usiku wakaulalia mlimani kwa hofu, na mvua ikanyesha. Turubai lilitosha pikapu, halikutosha tela. Asubuhi mifuko 30 ilikuwa mawe.

Mjomba hakugomba. Alichukua karatasi akaandika: silinda hedi, ufundi, Fuso ya kulivuta gari, siku za tela, saruji iliyoganda, dawa ya mkono. Akampa kijana ajumlishe mwenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Safari hii mauti yaliishia kwenye injini.

Funzo lake ni hili: mzigo haupimwi pale unapoupakia, hupimwa kwenye mlima mkali kuliko yote ulio mbele yako. Kagua kifuniko cha rejeta, maji na mkanda wa feni injini ikiwa baridi. Shusha gia kabla injini haijalia, uiache izunguke kwa wepesi hata kama watembea kwa miguu watakukaribia. Ukiona moshi mweusi, punguza mafuta. Mshale ukianza kupanda, simama mapema, iache injini ingurume taratibu bila mzigo ili maji yaendelee kuzunguka. Zima ikiwa maji yameshamwagika au yanachemka. Kifuniko usikiguse hadi kipoe. Na kama gari haliwezi kuupanda mlima huo kwa gia ya pili bila kukoroma, teremsha mifuko au ukodi Fuso. Gharama ya safari ya pili ni ndogo kuliko ya silinda hedi.