Visima Vilivyofukiwa

Somo: Mwanzo 26:12–33





Katika Biblia yuko mtu mmoja ambaye hakuongoza vita, hakuandika zaburi, wala hakusafiri mbali kama baba yake Ibrahimu na mwanawe Yakobo. Kazi yake tunayoisoma zaidi ni kuchimba visima. Mtu huyo ni Isaka. Fungueni sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo, nanyi mtaona kwamba habari zake zafanana sana na habari zetu sisi tunaoishi katika kata ya Bugwema, toka Bugwema yenyewe mpaka Kinyang'erere, Masinono na Muhoji. Nchi ilikuwa na njaa. Isaka akapanda, Mungu akambariki, akavuna sana. Ndipo Wafilisti wakamwonea wivu. Wakavijaza udongo visima vyote ambavyo watumishi wa baba yake walikuwa wamevichimba, kisha akaambiwa aondoke. Akaenda kukaa katika bonde la Gerari, na huko akaanza kazi ya kuvifukua visima vile upya.

Bonde, shamba, mifugo, njaa, maji na ugomvi: hakuna neno hapo lililo geni kwetu. Basi na tujifunze mambo manne kwa mzee Isaka.

1. Ni nani aliyefukia visima?

Biblia yasema visima vilijazwa udongo. Na huku kwetu ni udongo uo huo unaofukia maji. Mvua ikianguka juu ya kilima chenye miti na majani, tone hupigwa kwanza na jani, likadondoka polepole, likazama ardhini kwa njia ya mizizi. Maji hayo huwekwa chini kama akiba ya nafaka ghalani, na wakati wa kiangazi hutoka kidogo kidogo katika chemchemi. Lakini mvua iyo hiyo ikianguka juu ya kilima kitupu, maji hutelemka yote kwa saa moja. Huchukua udongo mzuri wa juu, hukata korongo, huharibu mahindi ya jirani, na mwisho huacha tope katika lambo na ziwani. Mwezi wa Agosti twalia kwamba hakuna maji, na kumbe maji yalikuja, ila hatukuyapa mahali pa kukaa.

Kuna watakaosema, "Mchungaji, hali ya hewa yenyewe imebadilika." Wasema kweli, wala Kanisa lisiifiche kweli hiyo. Wataalamu wamepima wakaona kwamba katika miaka ya 2011 mpaka 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1850 mpaka 1900, na sababu kubwa ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Moshi huo kwa sehemu kubwa haukutoka kwa mkulima wa Muhoji mwenye jembe na baiskeli. Nchi tajiri zilizofaidika kwa moshi huo zina deni kwetu, na kulidai ni haki. Joto likiongezeka, ukame huwa mkali zaidi, na mvua ikija huja kwa kishindo. Ndiyo maana kilima kitupu ni hatari leo kuliko zamani.

Walakini tumtazame Isaka. Alikuwa na shauri la haki juu ya Wafilisti, naye hakulisahau, maana Abimeleki alipomjia baadaye alimwuliza waziwazi sababu ya kumfuata hali walimchukia na kumfukuza. Lakini katika kungoja haki hakukaa kitako. Alishika jembe. Nasi tukidai haki kwa mkono mmoja, mkono wa pili ufukue kisima. Maana moshi wa mbali hatuwezi kuuzima peke yetu, bali panga lililokata mti wa chemchemi lilikuwa mkononi mwetu.

2. Majina ya zamani

Isaka alipofukua visima vya baba yake aliviita kwa majina yaleyale aliyoviita baba yake. Hakuona aibu ya maarifa ya wazee. Neno hili lina mfano mkubwa katika nchi yetu, kwa jirani zetu wa Shinyanga.

Zamani Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani mahali palipofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vikue, kisha pakafunguliwa mifugo wakati wa kiangazi. Lakini misitu ilikatwa ili kufukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini wengi waliziacha ngitili zao. Nchi ikawa karibu jangwa. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama yetu hii, alihimiza nchi ile iponywe, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni waliotesha miche vitaluni na kuigawa. Lakini mafanikio makubwa yalikuja walipowasikiliza wakulima na wafugaji wenyewe, wakairudia ngitili ya wazee. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, nyingine za jamaa moja moja na nyingine za vijiji. Mizizi iliyolala chini ya ardhi ilikuwa hai muda wote. Ilingoja tu watu wapatane kuipumzisha.

Nasi wazee wetu walikuwa na miti isiyokatwa na mahali pasipolimwa. Desturi nyingine zilikuwa za hofu ya mizimu, nasi twamshukuru Kristo aliyetuweka huru na hofu hiyo. Lakini uhuru wa Kristo si ruhusa ya kukata mkuyu unaolinda maji. Ikiwa mzee asiyemjua Kristo aliiheshimu chemchemi kwa hofu, sisi tunaomjua Muumba wake tuiheshimu kwa upendo.

3. Eseki na Sitna

Watumishi wa Isaka walipochimba bondeni wakaona maji. Mara wachungaji wa Gerari wakaja na kudai kwamba maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, kwa sababu ya ugomvi. Wakachimba kingine, wakakigombania nacho, akakiita Sitna, yaani uadui. Tazameni, kupata maji hakukuleta amani. Palipo maji pasipo mapatano, maji yenyewe huwa chanzo cha vita.

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu. Mtu mmoja alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani, akajibiwa kwa mfano wa Msamaria. Katika nchi ya vilima na mabonde jibu lake laweza kusemwa hivi: jirani yako ni yule anayekunywa maji chini yako. Pengine hamjuani, wala hamsali kanisa moja. Lakini unalofanya juu mlimani, yeye analinywa bondeni. Nabii Ezekieli, sura ya 34, alitumwa kuwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi, kisha wakayachafua kwa miguu yao yale yaliyobaki, na kondoo dhaifu wakalazimika kunywa tope. Neno hilo halikuandikiwa mataifa ya mbali. Liliandikiwa kundi la Mungu.

Basi tuseme wazi. Mwenye ng'ombe wengi anayewaingiza ndani ya chemchemi anawanywesha tope watoto wa wengine. Anayekata miti ya kilimani kwa ajili ya mkaa anauza maji ya kijiji pamoja na magunia yake. Anayelima mpaka ukingoni mwa kijito anavunja hata sheria ya nchi, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za watu ndani ya mita 60 toka chanzo cha maji, zisije zikakiharibu. Na mzigo wa makosa hayo yote wawaangukia akina mama wanaoamka usiku kutafuta maji, na binti anayefika shuleni amechelewa kwa sababu ya ndoo.

Tena nasema kwa masikitiko, sheria ndogo za kijiji hufa pale zinapomkamata maskini na kumwacha mwenye cheo. Akionekana mbuzi wa mjane katika eneo lililofungwa, atozwe faini. Je, akionekana ng'ombe wa mjumbe wa kamati, au wa mzee wa kanisa? Mtume Yakobo ametuonya tusiwe na upendeleo. Mkristo aliye katika kamati ya maji au ya mazingira ajue kwamba pale ndipo mahali pake pa kushuhudia. Na afadhali aanze kwa kulipa faini yake mwenyewe.

4. Rehobothi

Isaka hakuchoka. Alichimba mara ya tatu, nacho hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, maana Bwana amewapa nafasi. Twaipataje Rehobothi yetu? Haitoki katika hotuba. Kuna kazi ya mikono.

Kwanza, tuanzie juu. Kilima kipumzishwe, kila mwenye shamba la mteremko achimbe makinga maji kwa kufuata usawa wa mlima. Si lazima kuwa na mashine. Fito mbili ndefu zilizofungwa juu, fito fupi katikati, kamba na jiwe, hicho ni kipimo cha kutosha. Ndugu zetu wa Machakos, Kenya, wamejulikana kwa matuta waitayo fanya juu, ambapo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu na kupandwa majani ya mifugo.

Pili, kilimo mseto, yaani miti pamoja na mazao na malisho. Shirika la Vi Agroforestry, lililotoka Sweden na kuanza kazi Kenya mwaka 1983, lilikuja likafundisha kazi hiyo hata mkoani kwetu Mara. Mlusina na kalyandra hulisha mbuzi na kurutubisha udongo. Mgrevilea mpakani huleta kuni za moto na mbao, wala hauwasumbui sana mahindi. Lakini mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Bwana shamba aulizwe kabla ya kuchagua mti.

Tatu, tutunze tulichopanda. Miche mingi hupandwa siku ya mgeni na posho, picha zikapigwa, na kabla ya Krismasi imeliwa na mbuzi. Mungu hahesabu miti iliyopandwa siku ya sherehe. Huhesabu, nadhani, ile iliyo hai. Na mama anayeinywesha miche ajue kwamba miti ile ni yake pia. Mume asimkatie na kuuza bila shauri, maana huo ni wizi ndani ya nyumba.

Kwa miaka mingi tumesikia habari ya kumwagilia bonde la Bugwema kwa maji ya Ziwa Victoria. Ni jambo jema, tuliombee. Lakini mifereji iliyo chini ya vilima vitupu hujaa mchanga. Wala ziwa lenyewe halikai vilevile: mwaka 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi kupitishwa Jinja, na mwaka 2020 likapanda mpaka likawatoa watu pwani. Bomba halitachukua nafasi ya kilima.

Wengine hushika ahadi ya Mungu kwa Nuhu, kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma, wakasema hakuna haja ya kuhangaika. Ahadi ni ya kweli. Lakini mtu aliyeahidiwa mvua na akalitoboa gudulia lake mwenyewe, asimlaumu mwenye kuahidi.

Wala hii si kazi ya pembeni mwa Injili. Mwaka 1990 Baraza la Ushauri la Anglikana liliiongeza kazi ya kutunza viumbe vyote kuwa alama ya tano ya utume wa Kanisa, na mwaka 2022, wakati wa Mkutano wa Lambeth, maaskofu walianzisha Msitu wa Ushirika ili dayosisi zote zipande na kuhifadhi miti. Basi naleta shauri kwa mitaa yetu. Jumapili ya tano baada ya Pasaka, ambayo toka kale Kanisa huombea mashamba, tutoke kanisani twende chemchemini. Tuombe, tupime mita 60, tupande. Na kila anayejiandaa kwa kipaimara apewe mche mmoja, autunze, na baada ya miaka miwili tuuone.

Mwisho wa habari ya Isaka ni mzuri. Wale waliomfukuza walimjia, wakala pamoja, wakaapa, wakaachana kwa amani. Siku iyo hiyo watumishi wakaja na habari: tumeona maji.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeiweka milima na kuwapa chemchemi njia, utusamehe udongo tuliopoteza na miti tuliyokata bila kufikiri. Wape haki wanaoumizwa na moshi wasiouwasha. Utufundishe kumpenda jirani anayekunywa chini yetu. Utupatanishe wakulima na wafugaji, ibariki miche midogo na mikono inayoinywesha, utupe nafasi katika nchi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.