Baba anatafuta mwenye uwezo

Mafundisho ya Kipaimara watoto wetu wa Tanga wanayamudu. Waulize mapaji saba ya Roho Mtakatifu, watakutajia kuanzia hekima hadi uchaji wa Mungu bila kusita. Linalonitia wasiwasi ni jambo tunaloliacha hadi wiki ya mwisho: nani atamsimamia mtoto.

Jumamosi moja nilimkuta katekista akiandika majina ya wasimamizi. Binti mmoja akajibu, "Bado, Mwalimu, baba anatafuta mwenye uwezo." Wenzake hawakushangaa. Mwenye uwezo ni yule wa kununua simu, au kuchangia keki na ukumbi. Anakuja na basi kutoka Dar es Salaam, anaweka mkono wa kuume begani mwa mtoto Baba Askofu anapompaka krisma kwenye paji la uso, anapigwa picha, na jioni anarudi zake.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 892, inampa msimamizi kazi inayoendelea baada ya sherehe: aangalie kwamba mwimarishwa anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Kanuni ya 893 inasema inafaa awe yule yule aliyemsimamia kwenye Ubatizo. Baba au mama haruhusiwi, na hapo naona busara kubwa, maana kijana wa miaka 14 ana mambo asiyoweza kumwambia mzazi. Tena hapa kwetu, ambako majirani wengi ni Waislamu, ataulizwa habari za imani yake barazani na shuleni, kwa wema kabisa. Anahitaji mkubwa wa karibu wa kumwendea na maswali hayo.

Mkubwa huyo si lazima awe wa ukoo. Manamba, wale vibarua waliotoka Songea kuja kukata mkonge, hawakuwa na mjomba wala shangazi huku pwani. Ndugu waliwapata humo humo kambini.

Namfahamu mama mmoja anayekaanga samaki pale Deep Sea, hapa Tanga. Alimsimamia binti mmoja, akampa rozari na doti ya khanga, basi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mabaya, binti alikimbilia kwake kwanza, wakalia, kisha wakaongozana kwenda kuwaeleza wazazi.

Wazazi wenzangu, kabla hamjapeleka jina parokiani, mwulizeni mtoto mwenyewe. Pengine atamtaja mtu wa jumuiya yenu ambaye hamkumfikiria kabisa, asiye na hata nauli ya daladala.