Mali Bila Daftari: Funzo la Waliorekodi Treni za Mwisho za Moshi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuwaachia wafanyabiashara methali hiyo, lakini inamhusu vilevile kila anayeshika kamera mbele ya kitu kinachokaribia kutoweka. Ushahidi wake uko kwenye reli za Afrika Mashariki.

Kati ya mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda vichwa 34 vya treni kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Vilikuwa vya aina ya Garratt: tanuru na pipa la mvuke katikati, injini moja mbele na nyingine nyuma, ili chombo kirefu kiweze kukata kona bila kuacha reli. Viliitwa daraja la 59. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na katika reli zote duniani zenye upana wa mita moja hapakuwahi kuwa na kichwa cha moshi chenye nguvu zaidi. Vilichoma mafuta mazito, vikavuta mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Vilipewa majina ya milima ya nchi zetu: Kenya, Kilimanjaro, Gelai, Shengena.

Enzi yao haikuwa ndefu. Dizeli ilikuwa imekwisha kuingia, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli liligawanywa kwa nchi tatu. Kufikia mwaka 1980 daraja la 59 lilikuwa limeondolewa kazini. Vichwa viwili tu kati ya vile 34 ndivyo vilivyosalimika, Mount Gelai na Mount Shengena, navyo vimo katika makumbusho ya reli Nairobi. Vingine vyote viliishia kuwa chuma chakavu.

Katika miaka hiyo ya mwisho walitokea watu wenye mapenzi ya kweli na treni hizi. Baadhi yao waliishi huku huku, wengine walisafiri kutoka Ulaya kwa gharama zao. Hawakutumwa na kampuni wala gazeti. Waliamka alfajiri, wakakaa kando ya reli kwenye jua kali wakingoja moshi uonekane. Tunawashukuru. Bila wao tungebaki na hadithi za wazee na vyuma viwili vya Nairobi.

Lakini shukrani isitufumbe macho. Wengi wao walitumia kamera ndogo za Super 8, zilizoingia sokoni mwaka 1965. Mkanda mmoja ulidumu dakika tatu na sekunde ishirini hivi, nao ulikuwa ghali, hivyo mpiga picha aliubana. Aliwasha kamera kichwa kilipotokea kwenye kona, akaizima kilipokwisha kumpita. Mabehewa hayakumhusu. Mikanda yenye sauti ya aina hiyo haikupatikana hadi mwaka 1973, kwa hiyo katika filamu nyingi treni inapita kimya kabisa. Na alipofika nyumbani, aliandika kwenye kopo namba ya kichwa cha treni, basi. Dereva aliyeegemea dirishani, msaidizi wake aliyetunza moto usiku kucha, mpiga bendera wa stesheni: nyuso zao zinaonekana, majina yao hayajulikani.

Mtu wa Makebuko, huku kwenye vilima vya Gitega, anaweza kudhani jambo hili halimgusi, kwa kuwa treni ya moshi haikuwahi kufika Burundi. Wajerumani walikusudia kuileta karibu: mwaka 1914, mwaka ule ule reli ya kati ilipofika Kigoma, walianza kujenga njia nyingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda, vita kuu ikaikatiza. Hata hivyo kahawa ya vilima hivi ilipanda treni, ile ya reli ya kati. Gunia lilitoka kwa lori hadi Bujumbura, likavuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha likasafirishwa kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi bandari ya Dar es Salaam. Sasa fikiri mahali lilipokuwa gunia hilo: ndani ya behewa, nyuma ya kichwa, katika sehemu ile ambayo kamera ilikuwa imekwisha kuzimwa. Jasho la mkulima wa Makebuko lilipita mbele ya mpiga picha, naye hakulipiga.

Hasara haikuishia hapo. Mikanda mingi ya siku hizo ilitengenezwa kwa asetati, ambayo ikiwekwa kwenye joto na unyevu huanza kuoza. Mkanda hutoa harufu kali ya siki, hujikunja na kusinyaa hadi hauwezi tena kupita kwenye mashine, na ugonjwa huo huambukiza mikanda iliyo karibu. Sanduku la bati chini ya paa la bati ni kaburi lake. Kuna hata mikanda isiyowahi kusafishwa maabara. Filamu za Kodachrome zilihitaji dawa na mitambo ya pekee, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikizisafisha, huko Kansas, Marekani, iliacha kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Aliyekuwa akisema “nitaipeleka mwakani” amebaki na mkanda ambao hakuna tena maabara ya kutoa rangi zake.

Kulikuwa na njia nyingine, na wapo walioifuata. Mmarekani O. Winston Link alianza mwaka 1955 kurekodi treni za mwisho za moshi za kampuni ya Norfolk and Western, akaendelea hadi zilipokoma mwaka 1960, kwa fedha zake mwenyewe. Yeye aliwaweka watu ndani ya picha: mlinzi wa kivuko cha reli, familia barazani, watoto wakiogelea mtoni huku treni ikipita juu ya daraja. Alirekodi sauti, na alitunza majina. Mwingereza Peter Handford aliyapenda magari ya moshi ya kwao kwa masikio, akazunguka na vinasa sauti, wala hakuona ndege wa porini na sauti za wafanyakazi wa stesheni kuwa kelele za kufutwa. Huyu ndiye ambaye mwaka 1986 alipata tuzo ya Oscar pamoja na wenzake kwa sauti za filamu Out of Africa, iliyopigwa Kenya. Kazi ya Link ina makumbusho yake mjini Roanoke tangu mwaka 2004, katika stesheni ya zamani ya reli ile ile. Imedumu kwa sababu mtazamaji anaweza kuuliza ni nani huyu na hapa ni wapi, akajibiwa.

Funzo hili limetufikia kwa wakati wake. Mwaka 2025 jiwe la msingi la reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, liliwekwa Musongati, si mbali na Makebuko. Reli ikifika, namna ya kubeba mizigo itabadilika, na kazi za watu zitabadilika nayo. Vijana wataelekeza simu zao kwenye kichwa cha treni kitakachoingia mara ya kwanza, na ni haki yao. Ila leo, kabla ya siku hiyo, kuna wanaosukuma baiskeli zilizosheheni ndizi milimani, wapakiaji wa malori, kina mama wanaochambua kahawa kwa mkono na kuondoa iliyo mbovu. Hao ndio wanaopita sasa, nao hawapigi honi.

Kijana mwenye simu, omba ruhusa kwanza, kisha rekodi. Kabla hujaanza, sema kwa sauti yako tarehe, jina la kilima, jina la mtu na kazi anayoifanya; simu itayatunza pamoja na picha. Mwache mzee aeleze mwenyewe, usimkatize. Usiizime simu mapema. Weka nakala mahali pawili, na moja mpe aliyepigwa picha au shule ya jirani, kwa maana simu huibiwa, huanguka majini, hujaa na kufutwa. Aliyerekodi bila jina ameokoa nusu, na aliyeficha alichorekodi hakuokoa kitu. Andika daftari lako leo.