Shauri bila Lazima: Nyumba za Miaka ya 1950 na Deni la Jirani

Watu wengi wakisikia neno "mila" wanafikiria kijiji: ngoma, mahari, matanga, jina la babu. Hawafikirii nyumba ya tofali na sima iliyojengwa mjini kwa mpango wa serikali. Lakini mtu aliyezaliwa Ruashi mwaka 1960, leo wajukuu wake wanaweza kuwa wanacheza mbele ya mlango ule ule. Nyumba iliyobeba ndoa na matanga ya vizazi vitatu, kwetu sisi imekwisha kuingia katika mila. Kwa hiyo tunapenda kuuliza hapa swali moja. Mwenye nyumba ya namna hiyo, akitaka kuibomoa ao kuibadilisha, anadaiwa nini na majirani wake? Na deni hilo lilipwe kwa nguvu ya sheria, ao kwa shauri tu?

1. Nyumba zilikotoka

Mwaka 1949 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilianza Mpango wa Miaka Kumi. Miji ilikuwa inajaa watu, na nyumba hazikutosha. Mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, ile ambayo wazee wanaiita OCA mpaka leo. Kazi yake inaonekana Matete na Bandalungwa kule Kinshasa, Ruashi hapa Lubumbashi, Bagira kule Bukavu. Hata ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kartie ya Ngagara watu waliizoea kwa jina la OCAF.

OCA haikujenga nyumba moja moja tu. Ilipanga kartie nzima: nyumba, shule, soko, dispanseri, vijia vya miguu na nafasi wazi kati ya nyumba. Nyumba zenyewe ni za kawaida, hazina mapambo. Nyingi ni za chini, zimepangwa kwa mstari, zingine zinashiriki ukuta mmoja. Uzuri wake hauko katika nyumba moja. Uko katika namna nyumba hizo zinavyokaa pamoja: hewa inapita, mwanga unaingia, mtu akiketi mlangoni anaona njia na njia inamwona.

Wengine watatuambia: "Munatetea kazi ya mkoloni." Hoja hiyo ni nzito, tusiipite mbio. Mji huu ulijengwa kwa ubaguzi. Mzungu alikaa upande wake, Mweusi upande wake, na kati yao kukaachwa eneo tupu kwa makusudi. Nyumba ya OCA ilipimwa kwa baba, mama na watoto wao tu, kama vile shangazi, mupwa na nyanya hawako watu wa nyumba. Wazee wetu hawakukubali kipimo hicho. Waliongeza chumba nyuma, walipanda muembe, walifanya barza mahali ambapo karatasi ya mpango haikuonyesha barza. Basi tunapozungumza juu ya kulinda, hatuzungumzi juu ya kulinda wazo la mkoloni. Tunazungumza juu ya kile ambacho wazee wetu walikifanya na nyumba alizowapa.

2. Mfano wa mbali

Swali hili haliko letu peke yetu. Katika miaka ile ile, kule California, Marekani, mfanyabiashara mmoja jina lake Joseph Eichler alijenga nyumba zaidi ya 10,000 za mtindo mpya: ghorofa moja, paa ya chini, ukuta wa mbele uliofungwa, na ukuta wa nyuma wa kioo kitupu kinachotazama bustani. Katika mji wa Palo Alto peke yake ziko zaidi ya 2,000. Eichler aliuzia mtu yeyote bila kutazama rangi, jambo ambalo wajenzi wengi wa nchi ile hawakulikubali wakati ule. Mwaka 1958 alitoka katika chama cha kitaifa cha wajenzi wa nyumba juu ya jambo hilo.

Miaka ikapita, bei ya udongo ikapanda sana. Watu wakaanza kununua nyumba ya Eichler, kuibomoa na kusimamisha ya ghorofa mbili. Hapo jirani wa nyuma alijikuta katika taabu, kwa sababu nyumba yake ni ya kioo. Dirisha la juu likifunguliwa, familia yake yote iko njiani. Kumbe nyumba zile ziliweza kuwa na kuta za kioo kwa sababu moja tu: kila mtu alikubali kukaa chini.

Wenyeji walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni sheria ya lazima inayokataza ghorofa ya pili katika kartie fulani, na hiyo haiwekwi kama wengi wa wenye nyumba hawaiombi. Pale ilipoombwa, mara nyingine iligawanya majirani: mmoja alisema "tulinde kartie," mwingine "watoto wangu wameongezeka, nitawalaza wapi?" Njia ya pili ni shauri. Mwaka 2018 mji wa Palo Alto ulikubali kitabu cha mashauri kwa kartie za Eichler: namna ya kuweka paa, dirisha, uzio, chumba cha kuongeza, ili jirani asiumizwe. Kitabu hicho hakimlazimishi mtu. Anayependa anakifuata, asiyependa anakiacha.

Mtu atacheka: shauri lisilolazimisha ni la nini? Ni kama kumwambia mwizi "tafazali." Lakini tusicheke haraka.

3. Kwetu shauri lina meno

Huku Kongo sheria hazikosekani. Iko ordonansi-sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Iko sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inayosema udongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo hata yule anayepiga kifua na kusema "lupango ni yangu, nitafanya vile napenda," mbele ya sheria hasemi kweli yote. Lakini sisi sote tunajua kinachotokea sheria inaposhuka mpaka kwenye mlango wa maskini. Mama mjane anayejenga chumba kimoja cha kupangisha, ili alipe masomo ya watoto, ndiye wa kwanza kuulizwa karatasi. Mwenye feza anapita. Tukiandika leo sheria ya lazima juu ya rangi ya ukuta na urefu wa paa, kesho itageuka biashara ya faini.

Shauri, kinyume chake, ni kitu tunachokijua tangu zamani. Wazee wanasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu hakufungi kamba, anakuambia tu. Lakini neno lake lina uzito. Kwa nini? Kwa sababu utamhitaji tena. Siku utakapofiwa, majirani ndio wataleta viti, maji na kuni, ndio watakesha barabarani mbele ya mlango wako. Mtu anayejua hivyo hajengi ukuta unaoziba dirisha la jirani bila kumwona kwanza. Hakuna polisi aliyemkataza. Amekatazwa na siku ile ya matanga.

Hapa ndipo tunaona kiini cha swali. Shauri linafunga watu wanaohitajiana. Pale watu wanapohitajiana, sheria ya lazima haina haja kubwa, tena inaweza kuharibu, kwa sababu inafundisha mtu kumtazama ofisa badala ya kumtazama jirani. Lakini yuko mtu mwingine. Ananunua lupango bila kukaa ndani, anajenga ghorofa tatu kwa wapangaji, yeye mwenyewe anaishi mbali. Matanga yake hayatafanyika hapa. Huyo utamwambia nini? Shauri lote linapita juu ya kichwa chake kama mvua juu ya malata. Kwa mtu wa namna hiyo tunasema bila haya: hapo sheria inahitajiwa, na iwe fupi. Asizibe hewa na mwanga wa wengine, asifunge kijia cha watu wote, asielekeze maji ya mvua katika nyumba ya chini yake. Mambo hayo matatu yanatosha.

4. Shauri gani?

Kwa yale mengine, tunapendelea shauri. Lakini liwe shauri la kweli. Kwanza, litungwe na wenye kukaa pale, wapangaji pia, si wataalamu peke yao. Pili, liseme wazi kinacholindwa. Kama tunalinda sura tu, tutamkataza mjane chumba chake na kumruhusu tajiri kupaka rangi ya zamani juu ya ghorofa tatu. Tunacholinda ni nafasi kati ya nyumba na nyumba: barza, kijia, hewa, kivuli cha muembe. Chumba cha nyuma kisichomfunika mtu si kosa. Ni kazi ile ile walioianza wazee wetu. Tatu, shauri litolewe mapema. Ukuta ukisha kufika kifuani, shauri limekuwa ugomvi.

Tunajua hata hivyo kwamba shauri halilindi kila kitu. Palo Alto leo nyumba iliyojengwa ili mtu wa rangi yoyote aweze kuingia, bei yake imefunga mlango kwa watu wengi. Kuta zimelindwa, wazo la Eichler limebaki nje. Huku kwetu tunaweza kufikia kinyume chake: kuta za OCA zikabadilika nyingi, na ujirani ukabaki. Tukilazimishwa kuchagua, sisi tunachagua ujirani. Lakini bado hatujalazimishwa kuchagua, na ujirani usio na barza wala kijia hautadumu siku nyingi. Watu wasioonana watakosa kuhitajiana, na siku hiyo shauri halitakuwa na nguvu tena.

Kwa hiyo ombi letu kwa msomaji ni dogo. Kama unakaa katika nyumba ya miaka ile na unataka kujenga, mbele ya lori ya mchanga kufika, nenda kwa jirani wa kuume, wa kushoto na wa nyuma. Waonyeshe unachotaka. Waulize mwanga wao unapita wapi. Hakuna sheria inayokudai kufanya hivyo. Lakini deni liko pale.