Msisimame Njia Panda

Ndugu zangu wa Kamina, fungueni kitabu kifupi cha nabii Obadia. Edomu anahukumiwa kwa nini? Siku ya msiba wa Yakobo, ndugu yake wa tumbo moja, alisimama kando akatazama, akafurahi, kisha akakaa penye njia panda kuwazuia waliokimbia.

Nasi twakaa penye njia panda! Reli ya Lubumbashi hugawanyika hapa: huku Kasai, kule Kabalo. Mwaka 1992 Étienne Tshisekedi, Mkasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguz, mtu wa Katanga. Gavana wetu Kyungu na vijana wa UFERI, chama cha Nguz, wakahubiri kwamba Mkasai ni mdudu, afukuzwe. Likasi ikawaka, kisha Kolwezi. Mamia ya maelfu waling'olewa majumbani. Walilala stesheni majuma na majuma, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Treni zao za kwenda Mwene-Ditu zilipita hapa petu. Nani aliwapelekea maji? Nani aliwazomea? Wenye majibu wangali hai, nao wamenyamaza.

Ole wetu, maana sisi tulikwisha kuonja uchungu huo! Kabla ya uhuru, Balubakat ya Jason Sendwe, chama chetu Waluba wa Katanga, ilishikana mkono na Fedeka, chama cha Wakasai. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na majandarme wake wakachoma vijiji vya Waluba wa kaskazini. Mwaka 1961, kule Élisabethville, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai walikimbilia kambi moja ya Umoja wa Mataifa. Hofu moja, njaa moja! Haikupita hata miaka 35, na miongoni mwetu wakatokea wafukuzaji.

Mtu ataniambia: Mchungaji, hayo yamekwisha, usituamshie ugomvi. Yamekwisha kwa nani? Musa aliwaagiza Waisraeli wakumbuke utumwa wa Misri ili wasimwonee mgeni. Sisi tulisahau, tukamwonea.

Basi tubuni kwa kutaja! Wazee, Jumapili hii waambieni watoto wenu mliyoyaona, na mliyoyatenda. Vijana, mwanasiasa akilitukana kabila la jirani yako, mkatalie palepale, hata kama amekuletea fulana na bia. Mama zangu wa sokoni, treni ya Kasai ikisimama, mpokeeni anayeshuka kabla hajakutana na mwenye fimbo. Edomu alichelewa. Sisi hatujachelewa. Ondokeni kando ya njia, mkasimame upande wa ndugu yenu!