Mwisho wa Hadithi ni Milki ya Nani? Mtunzi Shabiki na Filamu ya Avengers: Endgame

Swali la nani mwenye haki ya kuamua hatima ya mhusika aghalabu hujibiwa kwa wepesi: ni yule aliyemuumba. Jibu hilo linatosheleza pale ambapo mtunzi ni mmoja na kazi ni moja. Halitoshelezi mhusika anapokuwa amepitia mikono ya watunzi wengi, akamilikiwa na kampuni na kufuatwa na hadhira kwa miaka mingi. Makala haya yananuia kulichunguza suala hilo kwa kuangalia jinsi watunzi mashabiki, yaani watu wanaotunga hadithi zao kwa kutumia wahusika wa kazi za wengine bila malipo wala idhini, walivyoipokea filamu ya Avengers: Endgame, iliyotolewa mwaka 2019 kama mwendelezo wa mfululizo mrefu wa sinema za mashujaa wa kampuni ya Marvel.

Mambo mawili katika hitimisho la filamu hiyo yaliwagusa mno watunzi hao. Kwanza, Tony Stark anayatumia mawe sita ya nguvu kumwangamiza Thanos na jeshi lake, naye anafariki kwa kitendo hicho. Pili, Steve Rogers, ajulikanaye kama Captain America, anatumwa kuyarudisha mawe hayo katika nyakati yalikotolewa. Badala ya kurejea, anabaki katika zama zilizopita, anaishi na mpenzi wake Peggy Carter, kisha anatokea akiwa mzee na kumkabidhi Sam Wilson ngao yake. Hadithi nyingi za mashabiki zilitungwa kuyarekebisha matukio hayo. Katika baadhi yake Tony hafi. Katika nyingine Steve haondoki. Kwa mtazamo wa juu juu, haya yote ni jambo moja: shabiki ameumia, akakataa. Makala haya yanadai kwamba ni mambo mawili tofauti, na kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala la kimaadili.

Yafaa kuanza na pingamizi linalotolewa mara kwa mara, kwamba mtunzi shabiki ni kama mgeni anayehamisha vyombo katika nyumba isiyokuwa yake. Historia ya mhusika mwenyewe inalidhoofisha pingamizi hilo. Captain America alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby katika kitabu cha katuni kilichobeba tarehe ya Machi 1941, na rafiki yake Bucky Barnes alikuwemo tangu toleo hilo la kwanza. Mwaka 1964, Stan Lee na Kirby walisimulia kwamba Bucky alikuwa amekufa vitani. Mwaka 2005, Ed Brubaker, ambaye hakuwa miongoni mwa waliomuumba, alimfufua akiwa muuaji aliyefutwa kumbukumbu, na ufufuo huo ndio uliozaa filamu ya mwaka 2014. Msomaji ataona kwamba alilolifanya Brubaker na analolifanya mtunzi shabiki ni kitendo kile kile: kuutazama mwisho uliokwisha kutolewa na kuukataa. Kinachowatofautisha ni idhini. Idhini huamua nani auze kazi. Haiamui nani amemwelewa mhusika.

Isitoshe, wenye idhini nao hawakuafikiana. Baada ya Endgame kuonyeshwa, waongozaji wake, Anthony na Joe Russo, walieleza kwamba Steve aliishi na Peggy katika mkondo mwingine wa historia. Waandishi wake, Christopher Markus na Stephen McFeely, waliegemea rai kwamba aliishi katika historia ile ile, akijificha. Ikiwa waliopika chungu kimoja hawakubaliani kilichomo, ni vigumu kumlaumu mlaji kwa kuuliza.

Je, basi, kila jambo ni halali kwa mtunzi shabiki? La hasha. Maadamu hoja yake ni kwamba mwendelezo umemsaliti mhusika, analazimika kuonyesha usaliti huo katika kazi zilizotangulia. Kwa upande wa Steve, ushahidi upo. Katika Captain America: The Winter Soldier (2014), Peggy aliye mgonjwa na mkongwe anamweleza kwamba yeye ameyaishi maisha yake na kwamba hakuna awezaye kurudi nyuma. Katika filamu hiyo hiyo, Steve anaiachilia ngao yake na kukataa kupigana na Bucky hata kwa gharama ya uhai wake; katika ile ya mwaka 2016 anakuwa mtoro kwa ajili yake. Mtunzi shabiki anauliza: mtu huyu anamwachaje rafiki aliyemtafuta kwa udi na uambi? Na yale maisha ambayo Peggy alisema ameyaishi, nani aliyepewa ruhusa ya kuyabadilisha? Maswali haya ni uhakiki, ingawa yamevaa vazi la hadithi. Filamu nayo haikosi utetezi. Steve alibeba picha ya Peggy ndani ya dira yake kwa miaka mingi, na aliyejinyima kila kitu kwa ajili ya wengine huenda akastahili raha. Lakini pande mbili zenye ushahidi ni mjadala, wala si ukaidi wa upande mmoja.

Kwa upande wa Tony, hali ni nyingine. Tangu Iron Man (2008), yeye ni mfanyabiashara wa silaha anayejifunza kubeba matokeo ya matendo yake. Katika filamu ya mwaka 2012, Steve anamsuta kwamba si mtu wa kujitoa mhanga. Katika Endgame anajitoa, ilhali sasa ana mke na binti mdogo wa kumpoteza. Kifo hicho kimeandaliwa na kina bei. Hadithi inayomrudishia uhai bila kuonyesha nani mwingine amelipa haiijibu filamu. Inamliwaza msomaji tu. Kuliwaza si kosa, kwani mfiwa ana haki ya kulia. Kosa ni kukiita kilio hicho sahihisho.

Hapa ndipo penye mtihani wa kimaadili. Kosa ambalo mtunzi shabiki analiona katika hatima ya Steve ni kwamba matamanio yamepewa nafasi ya wajibu. Anapomfufua Tony bure, naye anatenda hilo hilo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Haki ya kuupinga mwisho uliotolewa na wenye mali haitokani na ukubwa wa mapenzi ya shabiki, wala haifutwi na hati ya umiliki. Inatokana na uaminifu kwa yale ambayo mhusika ameshayatenda na kuyalipia. Mwenye uaminifu huo atalazimika wakati mwingine kuukubali mwisho unaomuumiza, na kuukataa ule ambao ungemfurahisha.