Mfanyakazi Hodari Anapochoka

Soma Kutoka 18:13–23. Yethro aliona tatizo gani katika kazi ya Musa, na kwa nini Musa mwenyewe hakuliona?

Musa hakuwa mvivu, wala hakuwa akitafuta sifa. Aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na kazi ilikuwa ya Mungu. Alipoulizwa na baba mkwe wake, alijibu kwamba watu ndio wanaomjia. Yethro hakumshtaki kwa dhambi. Alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwa kuwa litamchosha yeye pamoja na watu wanaomngojea (fungu la 18).

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kwa dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na utendaji kushuka. Chanzo chake ni msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa.

Wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, wanalijua jambo hili kwa njia ya udongo. Kabichi, karoti na njegere za kwenye matuta yao ya ngazi hupelekwa masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Shamba linalozaa vizuri ndilo linalopandwa mara nyingi, na lisiporudishiwa samadi, uzuri wake ndio unaolimaliza.

Ndivyo ilivyo kwa muuguzi, mwalimu mkuu au mhasibu anayetegemewa. Akimaliza kazi vizuri, huongezewa nyingine. Simu za kazi humfuata mpaka kitandani. Hathubutu kusema amechoka, maana amejulikana kuwa mtu asiyeshindwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Hata hivyo, sheria haiwezi kumpumzisha mtu anayeamini kwamba thamani yake ni matokeo ya kazi yake.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Kwa nini Sabato inaunganishwa hapa na utumwa wa Misri?

Misri, mtumwa alihesabiwa kwa idadi ya matofali yake. Sabato iliwakumbusha Waisraeli kila juma kwamba Mungu aliwakomboa kabla hawajamfanyia kazi yoyote.

Lakini mara nyingi mtu huyo huyo ndiye mzee wa kanisa, mhazini na kiongozi wa kwaya. Kamati humchagua kwa sababu hajawahi kukataa. Jua linapozama siku ya Ijumaa, kazi yake hubadilika jina tu. Kanisa linalomsifu bila kumpunguzia mzigo linatenda lile lile ambalo Yethro alilikataa.

Soma Marko 6:30–32. Wanafunzi walirudi na taarifa njema ya kazi yao. Kabla ya kuwatuma tena, Yesu aliwaita faraghani wapumzike kidogo.

Jadilini: Katika darasa lenu, ni nani anayezidi kubebeshwa kwa sababu hajui kukataa? Ni mzigo gani mmoja ambao mwingine anaweza kuupokea kabla ya Sabato ijayo? Na kama mtu huyo ni wewe, ni nini kinachokufanya uogope kuutua?